Macho ya Fundi Cherehani

Shuka aliyojifunika yule bibi ilikuwa imelowa chapachapa, lakini ilinuka nywele zilizoungua. Fundi cherehani, mwanamke wa makamo, hakujali. Alimkuta amejikunyata kibarazani, akamwingiza ndani, akampa nguo kavu na uji wa moto.

"Nikulipe nini, mwanangu?"

"Hakuna, bibi. Utu hauuzwi."

"Hata nikuponye hayo macho yako mabovu?"

Fundi akacheka. Kweli, siku hizi binti yake ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano. "Macho ni umri tu, bibi. Nenda salama."

Bibi alipoondoka, uji ulikuwa vilevile kikombeni, umeganda kwa baridi.

Kesho yake fundi alitunga uzi mwenyewe. Akapiga vigelegele. Kufikia mchana aliona mshono wa shati la mpita njia ng'ambo ya barabara. Na mumewe, dereva wa lori, akarudi kwa miguu akipapasa kuta.

"Mke wangu, kuna ukungu gani huu? Lori nimeliacha njiani."

Wakaita mganga. Alifika mlangoni, akanusa, akarudi kinyumenyume.

"Mna mgeni," akanong'ona. "Mwenye shari ningemfukuza. Huyu ana shukrani; simwezi."

Magharibi ile harufu ya nywele zilizoungua ikajaa nyumba nzima, ikapanda mapazia, ikakaa kooni, na cherehani ikaanza kushona peke yake, taratibu, bila kitambaa, huku mtu asiyeonekana akihema nyuma ya shingo ya fundi kama anayesubiri kuulizwa.

"Bibi," fundi akasema, "mrudishie mume wangu macho. Chukua haya yangu."

"Yako nimekupa. Nilichotoa sikirudii."

"Unataka nini kwetu?"

"Sitaki kitu, mwanangu. Wewe uliponisaidia ulitaka? Nasaidia tu."

"Basi nisaidie! Aone! Yatoke popote!"

Cherehani ikanyamaza.

"Popote," sauti ikarudia, kama mtu anayeonja chumvi.

Asubuhi mume aliruka kitandani. "Naona! Mke wangu, nakuona!" Wakakumbatiana, wakalia, wakacheka kama wendawazimu. Kisha sauti ya binti yao ikatoka chumba cha pili, ya usingizi bado.

"Mama, mbona leo hakujakucha?"

Fundi akakimbia. Dirisha lilikuwa wazi, na jua lilikuwa limempiga mtoto usoni.