Muratina Niliyompikia Baba

"Wariara! Maini yanaungua na wewe umesimama unamkodolea Karanja macho!"

Shangazi alipofoka hivyo, wateja wakacheka. Nikageuza maini haraka, nikayapakua kwenye visahani vya bati pamoja na vipande vya mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, na pilipili kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya chumba cha shangazi yangu, Tata Wangare, pale Bondeni mwaka wa hamsini na moja. Palikuwa na benchi nne, vitu vya kutafuna, na muratina, pombe ya asali niliyoipika mimi. Watu wa reli walikipita kilabu cha kanjo, chenye leseni ya baraza la mji, wakaja kubanana kwetu kusiko na leseni.

"Mwache, Mama," Karanja alisema. Alikuwa karani wa stesheni, shati jeupe, viatu vya kung'aa. "Anaangalia mali yake."

"Mali yake!" akaguna Kiptanui, mtia makaa wa gari la moshi. "Huyu hata kuniuliza kama chumvi imetosha anaona haya. Siku ya harusi nani atamjibia?"

"Mimi," Karanja akajibu.

Nikainamia meko nisionekane nikicheka. Karanja akanifuata, akachutama karibu yangu.

"Wariara, pombe ya posa inapikwa na watu wa kwetu, na mama yangu alikufa. Nani atanipikia ya kumpelekea baba yako kule Njoro?"

"Sijui."

"Wewe."

"Msichana hapiki pombe ya posa yake mwenyewe."

"Nani atajua? Ipike kama unavyompenda baba yako. Halafu usiandamane nayo. Bibi arusi hafuati pombe barabarani."

Nilichagua asali nyeusi, ile nzito. Kibuyu nikakifunga kwa blanketi langu kando ya meko, nikawa nalala bila kujifunika ili pombe ipate joto.

Siku ilipofika, Kiptanui akaja na mkokoteni wa punda.

"Karanja anasema hivi: kibuyu kipelekwe Kiamunyi, kwa Mzee Gathogo, nyapara wa shamba la mzungu. Wazee wanakutana huko kwanza."

"Panda, Wariara," Tata akasema. "Mgongo wangu hauwezi kushika kibuyu."

"Tata, aliniambia nisiende."

"Na nani atachuja pombe? Nani atakata mutura? Panda!"

Tulipofika, wanawake walikuwa wanamwimba Mugure, binti ya Gathogo. Karanja alikuwa amekaa upande wa wageni, kofia mpya magotini.

"Tata, mbona Karanja amekaa mahali pa bwana arusi?"

"Shika kibuyu vizuri."

"Tata!"

"Ningekuambia, ungepika vibaya."

"Ulijua?"

"Karanja ndiye anayewaambia askari wapite mbali na mlango wetu. Ulitaka nimkatalie? Futa macho, uchuje."

Karanja aliponiona alinivuta nyuma ya ghala.

"Nilikuambia usije!"

"Ulisema ni ya baba."

"Punguza sauti."

"Sauti yangu iko wapi ya kupunguza?"

"Sikia, mpenzi. Baba yako anakamua ng'ombe za watu. Huyu ni nyapara. Mimi na wewe tutaendelea pale pale Bondeni, kwani nimekufukuza? Haya, leta pembe."

Nikachuja. Nikajaza pembe ya ng'ombe ya kunywea. Nikampelekea Mugure kwa mikono miwili, kwa sababu Tata alikuwa ananisukuma mgongoni.

"Mwanangu," akauliza Mzee Gathogo, "ninywe pombe ya watu hawa?"

Kwetu, msichana akionja na kumpa baba yake, ameolewa. Akiimwaga, wageni huchukua kofia zao na kurudi walikotoka.

Mugure akainusa. "Harufu yake nzuri. Nani amepika?"

"Shangazi yangu," akajibu Karanja.

Nikasikia mtu akisema, "Ni mimi." Nikashangaa kuona watu wote wananiangalia.

"Wewe ni nani?" Mugure akauliza.

"Wariara. Alisema pombe hii ni ya kumpelekea baba yangu. Alisema atanioa mimi."

Mzee Gathogo akasimama.

"Karanja! Msichana huyu anasema nini?"

"Ni mkaanga maini wa chumba cha pombe, mzee. Ameonja mno. Mwulize huyu mlezi wake."

Tata akatazama chini. "Mtoto amechoka na safari," akasema.

Mugure hakumwangalia Tata. "Karanja, nitazame."

Karanja akatazama kofia yake.

"Anasema kweli," Mugure akasema.

"Mwaga, mwanangu," baba yake akamwambia. "Hakuna atakayekulaumu."

Mugure akawaangalia wale wanawake, mmoja mmoja, na vyungu vyao motoni. "Nimwage, halafu kesho niitwe yule aliyeshindwa na mkaanga maini?"

Akanywa. Hakuonja tu, alipiga mafunda matatu, akafuta mdomo, akampa baba yake pembe.

"Kunywa, baba."

Vigelegele vikapigwa, lakini havikuwa na nguvu. Karanja akashusha pumzi. Akanicheka usoni.

"Umeona?"

"Usicheke," Mugure akamwambia polepole. "Nimekunywa nikijua. Ukichelewa kurudi, nitakukumbusha. Ukivaa shati jeupe, nitakukumbusha, mbele ya watoto wako na mbele ya wageni wako. Kuniacha huwezi, baba yangu hatakubali. Na mimi sitakusamehe. Kaa chini."

Karanja akakaa. Kofia ikamdondoka, hakuiokota.

"Na wewe," Mugure akanigeukia, "jazia wazee pembe zao, kisha uende. Usilie hapa, utaniharibia karamu."

Nilikuwa nimeshika kata ya kuchotea. Nikaiweka mapajani mwa Karanja, ikalowesha suruali yake.

"Jaza wewe."

Nikatembea kuelekea langoni. Tata akaniita, sikugeuka. Nyuma yangu nikamsikia Mugure.

"Hukusikia? Wazee wana kiu."

Kisha nikasikia kata ikigonga mdomo wa kibuyu, na pombe yangu ikimiminwa.