Mwenyeji Hakati Neno

"Zilpa, ukurasa wa tatu umeusoma lakini?"

"Nimeupiga mwenyewe, Bwana Haresh. Nitakosaje kuusoma?"

Haresh aliinua stensili kuelekea mlangoni, mwanga wa saa tisa ukapenya kwenye herufi. Akasoma tena, midomo ikichezacheza. Duka lake la vitabu na karatasi hapo Kisii mjini lilikuwa na mashine ya kurudufu, na kila alichokizungusha humo alikisoma kwanza. Ndiyo tabia yake, na hakuna aliyewahi kumkomesha.

"Hapa kuna Z., sekretari wa Kisii."

"Ndiyo."

"Anaolewa tarehe kumi na moja Desemba."

"Ndiyo."

"Mama Keval yuko huko nyuma sasa hivi, anashona gauni la tarehe kumi na moja Desemba. Lako."

"Najua. Nataka nakala sitini, kama kawaida."

"Dada, si uitoe hii? Nani atajua?"

"Mwenyeji hakati neno la mtu."

"Hata la kumuumiza?"

"Kanuni haikusema isipokuwa."

Haresh alimtazama usoni akitafuta chozi, hasira, chochote. Hakukuta kitu. Zilpa alisimama na mkoba kwapani kama mtu anayesubiri chenji ya sukari. Haresh akashusha pumzi, akafunga stensili kwenye mashine, akaanza kuzungusha.

Sasa ngojeni niwaeleze, msije mkamlaumu binti wa watu bure.

Miaka miwili kabla ya mwaka huo wa 1994, mawakili wa Kisii na Nyamira walikuwa wakiandika sana kuliko walivyosomana. Huyu ana maoni yake juu ya hukumu ya kesi ya shamba, yule anabishana na hakimu kwa kalamu kwa sababu kwa mdomo anaogopa. Karani mmoja mzee, Cleophas, akabuni Duru: karatasi ya kila Ijumaa iliyokusanya yote yaliyoandikwa wiki hiyo katika ofisi tano, nusu Kiingereza cha mahakama, nusu Kiswahili cha makarani. Haikuwa na mhariri. Ofisi zilipokezana zamu. Mwenyeji wa wiki hukusanya bahasha, hupanga, hupiga chapa, hupeleka kwa Haresh kurudufu, na pale mwanzoni huandika maneno yake machache ya kukaribisha.

Kanuni zilikuwa mbili tu. Majina ya watu yaandikwe kwa herufi ya kwanza, na mwenyeji asikate neno la mtu. Cleophas alisema, "Leo ukikata lake, kesho atakata lako, na keshokutwa Duru itakuwa ya kusifiana."

Zilpa Owiti, mzaliwa wa Kendu Bay, alikuja Kisii kutafuta kazi, akaipata kwa wakili mmoja, akapanga chumba Nyanchwa karibu na kanisa lake la Wasabato. Zamu yake ya kwanza ilipofika aliandika: "Mwenyeji anaiomba ofisi ya Nyamira iwe inaweka nambari za kurasa."

Ijumaa iliyofuata ilikuwa zamu ya Nyamira. Karani wa huko, Mogire, akaandika: "Mwenyeji ameweka nambari hata kwenye bahasha. Je, sekretari wa Kisii ameridhika?"

Makarani walicheka ofisi zote tano. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kila baada ya wiki tano hawa wawili walijibizana mfululizo, na kufikia mwaka wa pili watu walisoma maneno ya wenyeji kabla hawajasoma hukumu yoyote. Mogire akawa anakuja Nyanchwa kila Jumapili na viatu vilivyong'arishwa. Posa ikapelekwa Kendu Bay, kanisa likatangaza ndoa, na Shanta, huyo mke wa Haresh anayeitwa Mama Keval, akanunua kitambaa cheupe.

Halafu Jumanne ya wiki ya Zilpa, bahasha ya Nyamira ikaja. Ndani yake, katikati ya maoni ya wakili, kulikuwa na karatasi isiyo na sahihi:

"Swali. K. ni karani. Mwaka 1988 alitoa ng'ombe watano kwa baba yake M. wa Magwagwa. Wana watoto wawili. Mwaka 1991 M. alirudi kwao na watoto wakabaki kwa mama yake K. Ng'ombe hawajarudishwa. K. ametangaza ndoa ya kanisani na Z., sekretari wa Kisii, tarehe 11 Desemba. Z. hajui. Je, ndoa hiyo itasimama?"

K. ilikuwa ya karani, si ya jina; lakini ofisi ile ya Nyamira, anayepiga chapa ni mmoja tu, Mogire. Zilpa alisoma mara moja akiwa amesimama, mara ya pili akiwa ameketi. Alijiambia, haya, lia sasa. Chozi halikuja. Alijisikia kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Akaingiza stensili kwenye taipraita, akaipiga karatasi ile neno kwa neno, na kichupa cha dawa ya kusahihishia hakukifungua. Hakukosea hata herufi.

Duru ilifika Nyamira Ijumaa kabla ya chakula cha mchana. Saa nane simu ya ofisi ikalia.

"Zilpa, umefanya nini?"

"Nimefanya Duru."

"Ofisi nzima inanitazama. Wakili ameniita."

"Pole."

"Nilijua utaikata. Niliiweka wiki yako makusudi, uione peke yako, halafu tuzungumze."

"Miaka miwili, Mogire. Mdomo ulikuwa nao."

"Mdomo ulinishinda. Kila Jumapili nilikuja nikisema leo namwambia. Nikifika unacheka, nami nashindwa."

"Watoto wanaitwa nani?"

"Nyasani. Mdogo ni Bosibori."

"Majina mazuri."

"Zilpa, Mokeira alirudi kwao. Yalikwisha."

"Ng'ombe walirudi?"

"Hawakurudi."

"Uliwadai?"

"Sikuwadai."

"Kwa nini?"

"Unafanya kazi kwa wakili. Unajua kwa nini."

Alijua. Kwa Abagusii ndoa haijavunjika mpaka ng'ombe warudi, na wakirudi, watoto nao wataanza kuulizwa ni wa nani. Mogire alitaka mlango ufungwe kwa Mokeira na ubaki wazi kwa watoto. Na sheria ya serikali nayo haikubali mtu mwenye mke wa kimila aende kanisani kufunga ndoa na mwingine. Hilo ni kosa la jinai. Karani yeyote angelijibu swali lile bila kufungua kitabu.

"Unanipenda bado?" Mogire aliuliza.

"Ndiyo," Zilpa akajibu, kwa sauti ile ile ya kumwambia mteja kwamba wakili yuko mahakamani. "Nakupenda. Wacha nifanye kazi."

Jumatatu asubuhi mwanamke mmoja aliingia ofisini na kikapu, akasimama karibu na mlango, akasalimu kwa Kigusii.

"Bwakire. Natafuta Zilpa wa karatasi."

"Ni mimi. Karibu, keti."

"Mimi ni Mokeira. Nimetoka Magwagwa."

Zilpa aliweka kalamu chini. Mwanamke alikuwa wa umri wake, na viatu vyake vilikuwa na tope la safari. Aliketi ukingoni mwa kiti.

"Nimeambiwa sokoni ati nimekushtaki kwa karatasi ya mawakili. Sikushtaki mtu, dada."

"Najua. Aliandika yeye mwenyewe."

"Mogire?"

"Mwenyewe, kwa mikono yake."

Mokeira akacheka kidogo, kicheko cha kuchoka.

"Huyo mtu. Hata mimi aliniambia tumeachana kwa barua, nikiwa chumba cha pili napika."

"Unamtaka?"

"Simtaki. Nataka watoto wawe na kwao. Nyasani shamba lake liko pale kwa babu yake, baba ya Mogire. Ng'ombe zikirudi, kesho ataambiwa si wa pale."

"Na zikidaiwa?"

"Zitatoka wapi? Mbili zilikufa. Tatu kaka yangu alioa nazo. Zikitolewa huko, nyumba ya kaka inavunjika, na bibi yake ana mimba."

Mokeira akatoa ndizi kwenye kikapu, akaziweka juu ya mafaili.

"Mimi sitakuzuia kuolewa. Nimekuja unione, na ujue sikukushtaki. Hizi ni za shamba letu."

"Asante, dada. Safari njema."

Alipotoka, Zilpa alikula ndizi moja. Haikuwa na ladha yoyote. Akawaza: nikimwambia Mogire adai ng'ombe, atadai. Ndivyo anavyonipenda. Atatoka hapo mbio hadi Magwagwa, atavunja nyumba ya mtu asiyemkosea kitu, na Nyasani atakuwa mgeni kwa babu yake, ili mimi nivae gauni. Hilo ndilo lililomwogopesha kuliko uongo wenyewe.

Akavuta taipraita. Wiki hii mwenyeji alikuwa Nyamira, na kila ofisi ilikuwa na haki ya kupeleka neno lake. Akaandika ukurasa mmoja, akaweka nambari, akautia kwenye bahasha.

Jumatano simu ikalia.

"Zilpa, huu ukurasa wako."

"Nambari nimeweka."

"Usinifanye niupige kwa mikono yangu."

"Wako mimi niliupiga."

"Nikienda Magwagwa kesho nikawadai?"

"Watatoka kwa mke wa kaka yake Mokeira. Ana mimba. Utaenda?"

Redio ya mtu ilisikika kwa mbali upande wa Mogire.

"Basi tungoje," alisema mwishowe.

"Tungoje nini?"

Zilpa akamwonea huruma, hakungoja jibu.

"Ni zamu yako, Mogire. Ukitaka kukata, kata. Mimi sitakuwepo kukuona."

Ijumaa Duru haikufika kabla ya chakula cha mchana. Saa tisa haikufika. Saa kumi Zilpa akafunika taipraita, akashuka hadi dukani. Mashine ilikuwa ndiyo kwanza imesimama, na Haresh alikuwa akipanga kurasa. Alipomwona, hakutania.

"Ameondoka sasa hivi," alisema. "Ameshinda hapa tangu asubuhi. Amenunua stensili, ameharibu, amenunua tena. Nimemwachia taipraita ya duka, maana ya kwao alisema imemshinda."

"Amesema lolote?"

"Amesema nikupe wewe nakala ya kwanza."

Zilpa akaipokea. Mwanzoni, pale walipokuwa wakitaniana miaka miwili, palikuwa na maneno haya tu: "Mwenyeji anaomba radhi kwa kuchelewa. Stensili ya ukurasa wa tatu imeharibika mara nne."

Akafungua ukurasa wa tatu.

"Jibu kwa swali la wiki jana. Ndoa ya K. na Z. haitasimama, kwa kuwa haitafungwa. K. asidai ng'ombe. Watoto N. na B. wabaki na kwao. M. hakumkosea mtu, asilaumiwe. Z. alimpenda K. na anampenda bado. Hilo si swali la sheria na halihitaji jibu."

Alilisoma kama sekretari, kidole kikifuata mstari. Alitazamia sentensi ile ya mwisho isiwepo, au ile ya Mokeira ipunguzwe. Angekata, nani angejua? Lakini yote yalikuwepo, hadi nukta. Kwenye neno "bado" palikuwa na doa nene, alama ya mtu aliyekosea, akapaka dawa, akangoja ikauke, akapiga tena, akakosea tena.

Kumbe Mogire alijua kufanya jambo gumu hadi mwisho. Alichelewa tu.

Haresh akavuta kiti kutoka nyuma ya kaunta.

"Kaa, dada."

Zilpa akakaa, na ndipo uchungu ukafika, siku kumi baada ya bahasha. Akalia kwa sauti mchana kweupe mbele ya wateja wawili waliokuja kununua madaftari. Haresh akawahudumia kimya kimya, akawatoa, akarudisha mlango nusu.

Shanta akatokea nyuma, gauni jeupe mkononi, pini zimechomekwa begani. Alikuwa ameshasoma ukurasa wa tatu; katika nyumba ile hakuna karatasi iliyopita bila kusomwa. Alisubiri mpaka Zilpa akajifuta uso.

"Binti, hii nifanye nini nayo? Nikuwekee?"

Zilpa alilitazama. Lilikuwa zuri, na mshono wake ulikuwa umebakia kiunoni tu.

"Usiiweke, Mama Keval. Kata huu mkia wa nyuma, na mikono uipunguze. Nitaivaa kanisani Sabato ijayo."

"Nikate kweli? Kitambaa kikikatwa hakirudi."

"Kata."

Shanta akapiga magoti sakafuni, akalipima gauni kwenye miguu ya Zilpa, akamwambia asimame wima, kisha akamwomba mumewe amletee mkasi mkubwa.