Mchango Uliokataliwa Mara Saba

Kila asubuhi, Leokadia Mhagama alipoketi mezani pake mjini Songea, Kichujio kilikuwa kimeshasoma michango elfu tisa. Kilikuwa akili ya mashine iliyofungwa kwenye Uga, jukwaa la mtandaoni ambako mafundi wa msimbo wa Afrika Mashariki nzima walichangia misimbo, yaani maagizo ya kuendeshea mashine za watu: pampu za maji, miguu ya bandia, vipumulio vya wagonjwa wanaouguzwa nyumbani. Mashine hizo hazikupokea hata mstari mmoja usio na muhuri wa Uga. Kichujio kilipima kila mchango, kikaupaka kijani au nyekundu, kikaandika sababu. Leokadia, msimamizi wa zamu, alithibitisha kwa kidole.

Zamani alikuwa akisoma mwenyewe. Aliwaandikia wanaoanza, akawaonyesha walipokosea, na wengine wakamwita mwalimu. Siku hizi michango ilikuwa mingi mno, na Kichujio kilikosea mara chache sana.

Jumatano moja ukaingia ujumbe wa Daktari Eliwaza Sanga wa Njombe.

"Kipumulio kina kosa. Mgonjwa akilala fofofo, pumzi zikapungua, mashine inadhani amekivua, inajizima. Nimepoteza mgonjwa. Nimetafuta kwenye michango mliyoikataa, nikakuta kuna mtu alileta marekebisho miezi mitatu iliyopita. Mlimkataa kwa nini?"

Leokadia akafungua kumbukumbu. Mchangiaji aliitwa Athanas Ndunguru, wa Mbinga. Alikuwa amekataliwa mara saba. Sababu mara sita: maelezo binafsi, hayahusiani na msimbo. Mara ya saba: anarudiarudia, afungiwe. Chini ya kila moja palikuwa na jina la Leokadia na muda alioutumia. Sekunde mbili.

Akasoma. Msimbo wenyewe ulikuwa mistari minne, safi. Juu yake Athanas alikuwa ameandika: "Mke wangu Skolastika anatumia kipumulio hiki. Nimekaa kando yake siku kumi na nne nikihesabu. Pumzi zikifika sita kwa dakika, kinazima. Naomba kisizime kabla ya kuuliza kipimo cha oksijeni ya damu. Mimi nilikuwa fundi wa mashine za kukaushia kahawa, msimbo nimejifunza uzeeni." Katika mchango wa saba aliongeza: "Tunaomba mtu asome."

Leokadia aliugonga muhuri kwa mkono wake. Kufikia saa sita mchana mistari ile minne ilikuwa imeingia kwenye vipumulio vyote.

"Kosa ni la Kichujio," alisema Kitwana, mkuu wake. "Tutaandika taarifa."

"Kichujio kilipendekeza tu. Aliyebonyeza ni mimi."

Kesho yake akapanda basi la kwenda Mbinga.

Mzee Athanas alimpokea barazani, akamwingiza ndani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na kipumulio kimesimama kando yake, kimezimwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa Uga?"

"Ndiyo. Mimi ndiye msimamizi. Nimekuja kutoa pole."

"Nimeshapoa." Akamwonyesha kiti. "Alifariki siku ya tatu baada ya ninyi kunifungia. Nilikuwa namwamsha kila kikizima. Alfajiri ile nikapitiwa na usingizi."

Leokadia akaketi.

"Nikuulize kitu kimoja, mwanangu. Mlipokuwa mnanikatalia, ulikuwa unasoma?"

Ndani ya basi alikuwa amepanga maneno mengi, ya wingi wa michango na uchache wa watu. Hakuna hata moja lililomtoka.

"Sikusoma, mzee. Hata mara moja."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa jambo alilokuwa akilijua.

"Yale maelezo tuliandika wote wawili," alisema. "Yeye alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Kila nikikataliwa aliniambia, labda hatujajieleza vizuri, baba, tuandike upya. Ule wa saba alinitamkia yeye niandike, neno kwa neno, huku anavuta pumzi kwa shida. Amekufa akiamini tatizo ni maneno yake."

"Yalikuwa yameandikwa vizuri," Leokadia alisema, machozi yakimlenga. "Tangu ule wa kwanza. Hayakuwa na kosa lolote."

Mzee Athanas aligeuka, akakitazama kitanda.

"Ungemwambia yeye," alisema.