Aliposema "Macho!"

Asubuhi hiyo duka la vifaa vya ujenzi lilijaa utadhani mji mzima umeamua kujenga siku moja. Mbele ya kaunta watu walisukumana, huyu akidai misumari, yule akigomba kwamba rangi aliyouziwa jana si nyeupe bali ni nyeupe ya uongo. Katikati yao alisimama msichana mwenye ovaroli ya buluu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama mistari. Ovaroli ya pasi! Fundi yeyote angejua kwamba huyo katoka chuoni juzi, na kazi bado hajaipata.

Chuoni walimwita Cheche, na jina lilimkaa vizuri kuliko ovaroli.

"Vijiti vya kuchomelea, pakiti moja," alisema.

"Umetumwa na fundi gani?" muuzaji akauliza.

"Fundi ndiye huyu unayemtazama."

Mtu akacheka nyuma yake. Cheche akageuka tayari kwa vita, akamkuta kijana mrefu, mikono ya shati imekunjwa hadi viwikoni, vidole vimejaa plasta kama vya mtoto aliyechezea wembe.

"Unacheka nini, kaka?"

"Namcheka yeye, dada, si wewe. Mimi nilipoanza ufundi wa vioo, aliniuliza kama baba anajua nimechukua kikatio chake."

"Na baba anajua?"

"Mpaka leo anakitafuta."

Cheche hakutaka kucheka. Akacheka.

Walipotoka nje kijana alimweleza kwamba karakana ya jirani yake inatafuta fundi wa kuchomelea. Mwenyewe anaitwa Mzee Kipimo, na anafukuza watu kuliko anavyoajiri.

"Kufukuzwa nimezoea," Cheche alisema. "Karakana ya mwisho waliniuliza kama najua kupika chai."

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia najua, ila birika nitaliunga na meza."

"Lo! Basi siku ya majaribio nitakuja kukutazama."

"Katazame vioo vyako."

"Vioo nimevichoka, dada. Kila siku vinanionyesha mimi tu."

Jumamosi Cheche akasimama mbele ya Mzee Kipimo, mtu mfupi, mnene, tepu ya kupimia imening'inia shingoni kama mkufu. Alionyeshwa geti lililokatika bawaba.

"Liunge. Na usikie sheria ya hapa, binti. Mshono mbaya nausamehe, nauvunja, unarudia. Macho ya watu siyasamehe. Fundi wangu wa mwisho alimuunguza jirani macho kwa mwanga wake. Ndugu za jirani walikuja hapa na mbao, na hawakuja kujenga. Ukimuunguza mtu, huna kazi."

"Nimekuelewa, mzee."

Alipokuwa akivaa glovu, fundi vioo akatokea mlangoni, amekumbatia kioo cha dirisha. Cheche akashusha kinyago cha kukinga uso, akapaza sauti kama walivyofundishwa:

"Macho!"

Kisha akazama kazini. Ndani ya kinyago dunia yote ilikuwa nukta moja ya moto, na yeye akaivuta taratibu, kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Alipoinua kinyago, kijana alikuwa pale pale, anapepesa macho, anatabasamu kama aliyeangukiwa na tofali akalipenda.

Kipimo alipiga mshono kwa nyundo. Haukusema kitu. "Litafunguliwa na kufungwa mpaka Jumatatu," alisema. "Likikaa, tutaongea."

Nje, kijana akampa namba yake. "Nipigie jioni."

"Kwa nini usipige wewe?"

"Nikipiga mimi, utasema nakusumbua. Ukipiga wewe, nitatamba kwamba unanisumbua."

Jioni Cheche akapiga. Alikuwa ameoga, amejifunga kanga mpya, kana kwamba simu ina macho. Ikapokelewa na mwanamke.

"Hawezi kuongea. Yuko kitandani," sauti ilisema. "Wewe nani?"

"Wewe nani?"

"Mimi ni wa hapa."

"Basi mimi si wa hapo," alisema Cheche, akakata.

Jumapili mambo yakawa mabaya zaidi. Mbingu ilikuwa imefunga mawingu, jua halionekani hata kwa kuazima, na fundi vioo huyo barabarani na miwani myeusi! Msichana wa gauni la kijani kamshika mkono, wanatembea polepole kama wanaopima urefu wa mapenzi yao. Alimpita Cheche karibu kiasi cha kunusa gundi kwenye shati lake. Hakugeuza hata shingo.

"Kakupita?" mama yake aliuliza nyumbani.

"Kama nguzo ya umeme, mama."

"Basi kaa kama nguzo. Umewahi kuona nguzo inalia?"

Cheche alilia kidogo tu, akichukulia kwamba hata nguzo hunyeshewa.

Jumatatu alipanga kupita mbele ya duka la vioo akitazama upande wa pili. Lakini mlangoni alikuwa yule wa gauni la kijani, anafagia vipande vya kioo.

"Wewe! Wewe ndiye Macho?"

"Siitwi Macho."

"Lakini ndiwe uliyelisema neno, nililisikia nyuma ya ukuta. Mwanangu tangu Jumamosi jioni analia mchanga, mchanga machoni, na mchanga wenyewe hauonekani. Jana nimemshika mkono mpaka zahanati, haoni hata anapokanyaga. Nikimuuliza nani kakufanya hivi, ananiambia ninyamaze, mtu asikose kazi."

Cheche alimtazama. Huyu mwenyewe alikuwa msichana mbichi. "Mwanao?"

"Mimi shangazi yake. Kanitangulia kuzaliwa, hakunitangulia heshima."

Ndani, kijana alikuwa amekaa kwenye kigoda, kaupa mlango mgongo, miwani usoni.

"Shangazi, nani huyo?"

"Nguzo ya umeme," Cheche akajibu.

Akasimama haraka mpaka akagonga meza. "Cheche! Geti limekaa?"

"Achana na geti. Kwa nini ulitazama moto? Si nilisema macho?"

"Ndiyo, ulisema macho. Nikakupa. Yote mawili."

"Maana yake uyachunge!"

"Ungesema chunga, ningechunga. Mimi nilijua unaniita nione kazi yako." Akavua miwani. Macho yalikuwa mekundu, yamevimba, yanachuruzika. "Na niliiona. Sijuti."

Cheche akataka kumpiga, akataka kumkumbatia. Akabaki ameshika kona ya meza.

"Usimwambie Kipimo," kijana akanong'ona. "Yanapoa. Hakuna atakayejua."

Nyuma ya ukuta, geti lilifunguliwa, likafungwa. Halikulia. Kazi ilikuwa pale, upande wa pili wa matofali, na bei yake ilikuwa kunyamaza tu. Wengi wameajiriwa kwa hiyo.

"Na kesho nikiita macho, akija mwingine kama wewe?" Cheche aliuliza. Hakungoja jibu.

Kipimo alimpokea kwa uso ambao kwake ulihesabika kuwa tabasamu. "Mshono umekaa, binti. Kar—"

"Ngoja kwanza, mzee." Akamweleza yote, hadi miwani.

Kipimo alivua tepu shingoni, akaitazama, akaivaa tena. "Ana ndugu huyo kijana?"

"Ana shangazi."

"Mkali?"

"Shikamoo, mzee," sauti ilisema mlangoni. Shangazi alikuwa na ufagio mkononi. "Sikuja na mbao. Nina neno moja tu. Huyu binti akikosa kazi, mwanangu atakuwa kaungua bure. Na mimi vya bure sipendi."

Mzee Kipimo alikohoa. Aliutazama mshono, akautazama ufagio.

"Hilo neno la chuoni likome," alisema hatimaye. "Hapa utasema 'Geuka!' Hata mjinga hawezi kulikosea. Chukua glovu."

Mvua zikaja, zikapita. Ovaroli ya Cheche ikapata matobo ya cheche na haikuona pasi tena. Kila mchana fundi vioo alileta vioo vya madirisha, hata siku ambazo hakuna dirisha.

"Geuka!" Cheche akaita siku moja, na yeye akageukia ukuta kama mwanafunzi mtiifu.

"Mpenzi, nikiwa nimetazama ukuta siogopi kuuliza," alisema kwa sauti, maana mashine ilikuwa inanguruma. "Utakubali nikuoe?"

Mwanga haukukatika. Kivuli cha kijana kilitetemeka ukutani, kikubwa, kimeshika kofia.

"Cheche! Umenisikia?"

"Mshono hauachwi katikati," Kipimo alinguruma toka pembeni. "Ngoja zamu yako."

Akangoja. Hakuna aliyewahi kuusoma ukuta wa karakana kwa makini vile. Mwishowe mwanga ukazimika, kinyago kikainuliwa.

"Ndiyo," Cheche alisema. "Sasa geuka."

"Si nimeshageuka?"

"Geuka huku, wewe!"

Akageuka, lakini kope amezibana kwa nguvu zote. Aliyeungua mara moja huogopa hata jivu. Cheche akavua glovu, akamsogelea, akasema lile neno lililopigwa marufuku, polepole, na Mzee Kipimo akajifanya anapima kitu.

"Macho."

Akampa. Yote mawili.