Kanda ya Harusi ya Onchiri

Siku za kuchuma chai, Mokua na mkewe Drusilla waliingia shambani kabla umande haujakauka. Shamba lao lilikuwa Manga, kwenye mteremko mkali. Ukiangusha kibuyu juu, unakiokota kwa jirani. Kabla ya saa sita walipeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai, kisha wakarudi kula ugali na mboga za chinsaga.

Binti yao wa mwisho alikuwa Nyanchera, mwenye miaka sita. Alipewa jina la mama yake Mokua, aliyefariki mwaka mmoja kabla ya yeye kuzaliwa. Ndiyo desturi ya Abagusii, watu wa Kisii. Mtu akifariki, jina lake hurudi nyumbani na mtoto. Kwa hiyo Mokua alimwita binti yake "mama", na alipotaka kumgombeza ulimi ulikuwa mzito. Mtoto aliijua siri hiyo na aliitumia sana.

Nyanchera alikuwa na swali ambalo hakuchoka kuliuliza. Magokoro, yaani nyanya yake, alikuwa na sura gani?

Hapakuwa na picha. Yule mama mzee aliwakwepa wapiga picha maisha yake yote. Alinaswa mara moja tu, mwaka wa 1990, kwenye harusi ya Onchiri, kaka mkubwa wa Mokua. Mpiga video alimkuta akicheza ngoma.

Mokua alikuwa na kanda ya harusi hiyo. Siku moja aliichukua, akampeleka mtoto kwa mwalimu jirani aliyekuwa na runinga na mashine ya video, akiviwasha kwa jenereta. Picha ilijaa ukungu. Watu walionekana kama madoa yanayotembea. Mokua alionyesha kwa kidole mahali mama yake alipokuwa. Nyanchera alitazama kwa muda mrefu.

"Hana uso," alisema.

Neno hilo lilimchoma Mokua. Aliona kama mama yake amezikwa mara ya pili.

Mwaka wa 1998 stima ilifika kwenye mteremko wao, na bonasi ya chai ilikuwa nzuri. Mokua akakata shauri. Angenunua runinga na deki ya video, ile mashine ya kuchezea kanda, ili mtoto amwone nyanya yake vizuri. Yeye na Drusilla walishuka mjini Kisii.

Katika duka la kwanza muuzaji aliwaonyesha runinga kubwa kama kabati. Kando yake palikuwa na kisanduku cheusi chenye taa nyekundu. Alisema kisanduku hicho huongeza mistari ya picha, hata kanda mbovu ikawa safi. Bei ya vyote viwili ingemeza bonasi yote. Mokua alikuwa ameshatia mkono mfukoni Drusilla alipomvuta shati. Alimkumbusha kwamba redio yao ya kaseti ilitoka kwa Mama Tanvi, na mwaka wa tisa huu bado inaimba. Kwa nini wasimuulize yeye kwanza?

Mama Tanvi, jina lake Indu, alikuwa na duka dogo la vifaa vya umeme. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapohapo Kisii, na alitengeneza mwenyewe alichouza. Alimsikiliza Mokua mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Hiyo kanda umekuja nayo?"

Mokua alikuwa nayo ndani ya koti. Mama Tanvi akaiweka kwenye deki. Aliunganisha runinga kubwa, ukungu ukawa mkubwa pia. Akaunganisha runinga ndogo ya inchi ishirini na moja, ukungu ukapungua kidogo. Kisha akatoa chini ya meza kisanduku kama kile cha duka la kwanza, akakifungia waya. Kingo za madoa zikalainika. Uso haukuja.

"Sikia, Baba Nyanchera," alisema. "Picha ya tivii ni mistari, moja juu ya ingine. Hii mashine inatazama mistari mbili, halafu inakisia ya katikati. Kukisia tu. Kama kanda ni nzuri na tivii ni kubwa, inasaidia kidogo. Lakini sura ya mama yako haiijui. Itaitoa wapi?"

Mama Tanvi akaitoa kanda kwenye deki, akaigeuza mkononi.

"Hii kanda imekopiwa mara ngapi?"

Hapo Mokua alianza kuchunguza viatu vyake. Drusilla ndiye aliyejibu. Kanda ya kwanza ilikuwa kwa Onchiri. Dada yao Bathsheba aliinakili kutoka kwake. Mokua akanakili ile ya Bathsheba.

Mama Tanvi alieleza kwamba kila kanda inaponakiliwa, picha hupoteza kitu, na kilichopotea hakirudi kwa pesa. Mwenye kipato kidogo aanze na kanda nzuri. Kisha deki yenye kichwa safi, yaani kile kinachosoma kanda, na runinga inayolingana na chumba. Sauti waipitishe kwenye ile redio yao kwa waya mmoja, maana spika zake ni nzuri kuliko za runinga. Kisanduku ni cha mwisho, kama bado kuna haja.

"Kwa nini hukuchukua ile ya kaka yako?" aliuliza.

Swali hilo ndilo Mokua alilokuwa akilikimbia. Miaka minne iliyopita Onchiri aliuza mikaratusi ya marehemu baba yao bila kumwambia mtu, kisha akahamia Nyamache. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Kweli yenyewe ni kwamba Mokua alikuwa radhi kununua kisanduku cha bei kali kuliko kubisha mlango wa ndugu yake. Sasa aliona aibu.

Walinunua runinga ndogo, deki na waya. Pesa ikabaki, tena ya kutosha karo.

Jumapili Mokua alipiga moyo konde akaenda Nyamache. Alikuwa amepanga maneno mengi kuhusu mikaratusi. Alipomwona kaka yake amekuwa na mvi, aliyasahau yote.

"Mtoto anataka kumwona mama," alisema.

Onchiri aliingia chumbani. Alirudi na kanda iliyofungwa kwa leso ya mama yao. Hakuwahi kuicheza zaidi ya mara mbili, kwa sababu hakuwa na mashine.

"Nilidhani hutakuja kamwe," alisema. "Ile miti nilikosea. Nilitaka kukwambia, nikaogopa."

Mokua alimwomba asimpe kanda. Ailete mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata, siku yao ya Sabato, baada ya kanisa, nyumba ya Mokua ilijaa, Onchiri akiwemo na kanda yake. Drusilla alipanga viti hatua chache kutoka kwenye runinga, akafunga pazia ili jua lisipige kioo. Mokua alikuwa amevunja kile kijipande cha plastiki mgongoni mwa kanda, kama Mama Tanvi alivyomwelekeza, ili mtu asije akarekodi kitu kingine juu yake. Ngoma ikasikika kwenye spika za redio.

Kisha akatokea. Alikuwa na makunyanzi, pengo la jino, na ndewe ndefu zilizotobolewa na kuvutwa kama za akina mama wa zamani. Nyanchera alishika masikio yake mwenyewe.

"Ana uso," alisema.

Akasogea karibu na kioo. Mokua alikuwa ameamini siku zote kwamba mama yake alicheza peke yake. Sasa yale madoa mawili ya kando yake yalikuwa watu.

"Baba, hao aliowashika mikono ni nani?"

Onchiri ndiye aliyemjibu mtoto.

"Ni baba yako na mimi."

Kisha Mokua akainuka, akairudisha kanda nyuma, akaketi karibu na kaka yake, wakaitazama tena.