Hodi ya Tatu

Zainabu alijiona kabla hajajitambua. Msichana mwenye kanga kichwani, kwenye shuka jeupe lililotundikwa mbele ya darasa, anaulizwa jambo na mkubwa mmoja wa mgambo. Anatikisa kichwa.

Mpaka hapo ilikuwa kicheko tu. Bwana sinema alifika asubuhi na Landrova yake, madirisha yakazibwa kwa mablanketi, na kijiji kizima cha ujamaa kikajibana humo kujitazama kilivyohama miaka miwili nyuma. Sauti kwenye spika ilisema wananchi walihama kwa furaha. Hakuna aliyebisha. Nani abishane na spika?

Lile swali halikusikika kwenye picha, lakini Zainabu alilikumbuka: nyumba ile ina mtu? Na ndani alikuwamo Bibi Amina, mama wa mama yake, amejifunika jamvi. Bibi alikuwa amemwapisha mjukuu wake aseme ameshapanda lori la mbele, maana alitaka kufia kwenye mikorosho yake. Akafa kweli, siku ileile, kwa moto. Ukoo uliamini kwamba bibi alishuka lorini akarudi mwenyewe, na kwamba moto ulitoka jikoni kwake. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa Zainabu.

Picha ikabadilika. Kijana wa mgambo yuko mlangoni pa Bibi Amina, mkononi ana mwenge wa makuti. Anabisha, anasubiri, anabisha tena, na tena. Kisha anapachika moto kwenye paa na kugeuka.

Vicheko vikakatika. Alikuwa Ismaili, mtu wa kijiji cha jirani, mchumba wake Zainabu. Alikuwa amekaa palepale darasani, upande wa wanaume, na ndoa yao ilikuwa Ijumaa.

Alasiri hiyo Mjomba Saidi alimwita Ismaili barazani. Kwa watu wa kule mjomba ndiye mwenye binti, na posa aliipokea yeye. Zainabu alijibanza nyuma ya mlango. Sasa alielewa kwa nini kila msimu wa korosho, watu wakirudi mahameni, kwenye kijiji walichohamishwa, kuokota, Ismaili alishikwa na homa. Zainabu alikuwa akidhani homa hiyo anayo yeye peke yake.

"Ulijua ni nyumba ya nani?" mjomba aliuliza.

"Siku ile sikujua, mjomba. Nilijua nilipokuja kuposa, nikasimuliwa habari za bibi."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Nilimtaka Zainabu."

"Na hodi hukubisha?"

"Nilibisha mara tatu. Hakuna aliyeitikia."

Mama yake Zainabu, Bi Salma, alicheka kicheko kibaya. "Mama yangu alikuwa kiziwi. Ungebisha mpaka magharibi."

Mjomba akauliza ni nani aliyewaambia nyumba haina mtu. Zainabu akashika mwimo wa mlango. Ismaili alikuwa ameiona picha yote, kwa hiyo alijua. Neno moja tu, na nusu ya mzigo ungemtoka.

"Mkubwa wetu aliambiwa na msichana mmoja. Simfahamu, mjomba."

Posa ikavunjwa hapohapo. Kesho yake dada yake Ismaili alileta kikaratasi kilichokunjwa mara nne: "Zainabu, mimi nimeshaungua. Usiungue na wewe. Nyamaza."

Alikisoma chooni, akalia kanga ikiwa mdomoni. Hakuwahi kumpenda mtu vile, wala kujichukia vile. Alinyamaza siku mbili. Ya tatu akamfuata mama yake kinuni.

"Mama, yule msichana ni mimi."

"Nilikuona."

"Nilisema nyumba haina mtu. Bibi hakupanda lori. Aliniapisha."

Mchi ukasimama hewani.

"Nilikuuliza siku ile bibi yako yuko wapi."

"Nikakwambia yuko lori la mbele."

"Nikapanda," Bi Salma alisema polepole. "Nikapanda nikatulia, kwa sababu wewe ndiye uliyesema."

Hakumpiga. Angempiga ingekuwa nafuu. Aliendelea kutwanga mihogo yake, na kwa wiki sita hakumsemesha mwanawe hata la chumvi. Ijumaa ikaja, ikapita, pilau halikupikwa. Zainabu akawa anakula kwa sababu sahani imewekwa.

Korosho zilipoanza kuanguka, Bi Salma alikwenda mahameni peke yake. Safari hii Zainabu hakuugua. Akamfuata, na kwenye njia panda akamkuta Ismaili na jembe begani, amekonda. Hawakusalimiana. Wakaongozana tu.

Nyumba ya bibi ilibaki nguzo moja ya mlango. Bi Salma alikuwa amechutama kati ya vifusi, aking'oa majani. Ismaili akasimama kwenye nguzo.

"Hodi."

Bi Salma aling'oa majani.

"Hodi."

Mtu akibisha mara tatu asijibiwe, huondoka. Ndivyo walivyofundishwa chuo cha Kurani. Siku ile Ismaili alihesabu tatu akawasha moto. Zainabu alijua kwamba akiondoka leo, yeye hatakuwa na mume wala mama.

"Hodi, mama."

Upepo ulipita kwenye mikorosho. Ismaili akasubiri, akasubiri, kisha akageuza mguu.

"Nilikusikia tangu ya kwanza," Bi Salma alisema, hakuinua kichwa. "Karibuni. Mmoja aanzie upande wa jikoni."