Lesi Aliyoiacha Mama

Kila Jumapili baada ya kanisa, Kalekye hupika chai ya maziwa na kumpelekea baba yake, Mzee Muthama. Wanaishi Kaloleni, Nairobi. Sebuleni mna viti vinne. Vitatu vina vitambaa vyenye lesi nyeupe pembeni. Kitambaa cha kiti cha nne, lesi yake ilikuwa imefika nusu tu. Hicho kilikuwa kiti cha mama, Mbinya. Alifariki mwaka jana kabla hajaimaliza.

Mzee hakukubali mtu akikalie. Alikuwa akinywa chai huku akikitazama.

"Mlango ukilia, bado nafikiri ni yeye," alisema Jumapili moja.

Kalekye aliweka kikombe chini. Alimkumbuka mama yake kila siku. Kilichomuuma zaidi ni kwamba mama alitaka sana kumfundisha kufuma, naye alijibu siku zote, "Kesho, Mama."

"Nitakimalizia kitambaa chake, Baba."

"Utaweza? Nani atakufundisha sasa?"

"Kuna video kwenye simu."

Video zilikuwepo, tena nyingi. Sindano ndiyo haikuwepo. Vitu vya mama viligawiwa jamaa baada ya matanga, na hakuna aliyekumbuka nani alichukua sindano zake. Basi Kalekye alienda soko la Gikomba, kwa wanaoshona marobota ya mitumba, akanunua sindano ya gunia. Ilikuwa ndefu na nene. Akajiona mjanja kweli.

Alihangaika siku tatu. Mafundo ya uzi aliyapanga vizuri juu ya sindano. Lakini alipoivuta ipite katikati ya mafundo hayo, yalikwama kwenye tundu la sindano. Alivuta kwa nguvu, uzi ukakatika. Kalekye akalia, na hakuwa akililia uzi.

Kesho yake alitembea hadi Majengo, kwa Mama Ubaid. Mama huyu hushona kofia, na alikuwa rafiki wa Mbinya.

"Hodi, Mama Ubaid."

"Karibu, mwanangu. Mbona macho mekundu?"

Kalekye alimpa sindano. Mama Ubaid aliigeuza, akacheka.

"Hii ni ya magunia ya maharagwe! Hebu ipapase. Waona ilivyonenepa hapa kwenye tundu? Mafundo yatapita wapi? Sindano ya lesi unene wake ni mmoja, kutoka mwanzo hadi mwisho."

Alifungua mkebe wake, akamtolea moja.

"Haya, nionyeshe unavyotazama hiyo video."

Kalekye aliiwasha na kuitazama yote, mikono mapajani.

"Ndiyo maana! Waitazama kama taarifa ya habari. Shika sindano. Punguza kasi ya video. Tazama fundo moja, isimamishe, fanya, halafu irudishe nyuma ulinganishe. Kila fundo lina nusu mbili. Nusu ya kwanza uzi unazunguka huku, ya pili unazunguka kinyume. Ukisahau moja, lesi itajikunja."

"Mama alikuwa akifanya haraka sana."

"Mamako alianza kwa kufumua, kama wewe. Mimi nilikuwepo."

Kalekye alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Alijifunza kwanza kwa uzi wa mabaki. Akafuma, akafumua. Baada ya wiki sita, lesi ilizunguka kitambaa chote. Lakini mafundo yake yalikuwa makubwa kidogo kuliko ya mama.

Mzee Muthama aliipitisha lesi vidoleni taratibu. Vidole vikasimama mahali pamoja.

"Aliishia hapa."

"Ndiyo, Baba. Inaonekana. Nifumue nirudie?"

"Acha. Nataka kupajua."

Akakitandika kitambaa juu ya kiti, akakinyoosha vizuri.

"Kaa," alimwambia.

"Kwa kiti cha Mama?"

"Kaa, Kalekye."

Akakaa. Siku hizi, kila Jumapili baada ya chai, huegemeza simu kwenye birika na kurekodi mikono yake akifuma polepole, fundo baada ya fundo. Video huwatumia binti za dada yake kule Machakos, nao wameshafuma vitambaa viwili. Hakuna aliyewahi kurekodi mikono ya mama. Kalekye hulijutia hilo hadi leo.

Lakini kabla hajaituma video, baba huomba aitazame kwanza. Husogeza simu karibu na macho.

"Rudisha nyuma," husema. "Hapo kwa vidole."